Gunia Halivai Kofia

“Elfu sitini!” alisema Baba.

“Elfu sitini na nini?” aliuliza Mama.

“Elfu sitini kwa gunia moja, Mama Sekela. Bei nzuri hiyo!”

“Sijauliza bei. Nimeuliza, na nini?”

Baba alikuna shingo. Aliangalia kuku. Aliangalia paa.

“Na kofia,” alisema, kwa sauti ndogo.

“Hapana!” alisema Mama. Alipiga meza, sufuria ikaruka.

Sekela alikuwa anakula kiazi cha moto. Kiazi kilisimama njiani, kati ya mkono na mdomo.

Alijua kofia ni nini. Kila mtu huko milimani anajua. Haya, nanyi mjue.

Gunia likijaa, limejaa. Unalishona mdomo. Basi.

Lakini mnunuzi wa elfu sitini anaitwa dalali Mtitu. Yeye hataki basi. Yeye anasema, “Ongeza!”

Viazi vinapanda. Viazi vinapanda tena. Gunia linaota kichwa!

Kichwa kinafunikwa kwa kipande cha mfuko wa salfeti. Kinazungushiwa kamba. Sasa gunia ni kama mtu mnene aliyevaa kofia.

Watu wazima wanaita lumbesa. Sekela anaita kofia.

Na bei ya kofia? Hakuna. Gunia linalipiwa. Kofia inakwenda bure.

Mimi sipendi bure ya namna hiyo. Nasema wazi. Kiazi hakianguki kutoka mbinguni. Kiazi kinalimwa.

Nani alilima viazi hivi? Mama na Baba.

Shamba lao liko Rungwe, kwenye ukungu na baridi. Ni shamba dogo. Ukipiga chafya huku, kule wanasema, “Pole!”

Mama anakwenda mbele na jembe. Ku!

Baba anakuja nyuma na mbegu. Tu!

Ku! Tu! Ku! Tu! Mpaka mwisho wa shamba.

“Tuta lako limepinda, Mama Sekela.”

“Limepinda kwa sababu unaongea. Panda!”

Wanagombana juu ya matuta. Wanagombana juu ya jogoo. Kisha wanakaa jikoni, wanaota moto, wanacheka mpaka wanakohoa.

Ng’ombe wanamkamua pamoja. Mmoja anakamua, mmoja anashika mkia.

Ndivyo walivyo.

Na Sekela je? Sekela alikuwa na tuta lake. Moja tu, kando ya uzio wa matete.

Siku ya kupanda, Baba alimwambia, “Tuta hili lako. Utakachovuna ni chako.”

Sekela alipanda mwenyewe. Ku ndogo. Tu ndogo.

Alipalilia mwenyewe. Alifukuza kuku mwenyewe. “Shi! Shi! Ondokeni!”

Alipovuna, viazi vyake vilijaza ndoo nzima. Ndoo ya bluu.

Sekela alitaka mabuti ya mvua. Dukani pale njia panda kulikuwa na mabuti mekundu. Vidole vyake vilikuwa vimechoka kuogelea kwenye matope.

“Nitauza ndoo yangu,” alisema. “Nitanunua mabuti yangu.”

Sasa magunia yalikuwa uani. Yamesimama. Yamejaa mpaka mdomoni.

“Viazi vya kofia vitatoka wapi?” aliuliza Mama. “Stoo kumebaki mbegu tu. Mbegu hailiwi. Mbegu haiuzwi.”

Baba alifikiri. Macho yake yalizunguka uani. Yalifika kwenye ndoo ya bluu. Yakakaa hapo.

“Sekela, mwanangu…” alianza Baba.

Sekela alikumbatia ndoo. “Hapana, Baba.”

“Gunia moja tu livae kofia. Lile la mbele. Dalali afurahi.”

“Baba Sekela!” alisema Mama. “Ulimwambia nini mtoto siku ya kupanda?”

Baba aliangalia kuku.

“Sema!”

“Nilisema ni chake.”

“Basi ni chake.”

Baba alikaa juu ya kigoda. “Dalali akiondoka bila kununua, viazi vitaoza,” alisema. “Naogopa, Mama Sekela. Hilo tu.”

Mama alitaka kusema neno kali. Hakulisema. Na yeye aliogopa kidogo.

Ngruuu! Ngruuu! Piii!

Lori lilikuwa linapanda mlima.

Dereva alibaki kwenye usukani. Dalali Mtitu alishuka. Alivaa koti zuri, na kapelo mpya kichwani. Utingo, kijana wa kupakia mizigo, aliruka kutoka nyuma.

“Shikamoo, Mjomba,” alisema Sekela.

“Marahaba, mtoto mzuri!”

Dalali alipiga gunia la mbele. Puu, puu. “Viazi vizuri! Lakini mbona magunia yako vichwa wazi? Huku kwenu baridi. Yatapata mafua!”

Alicheka peke yake. Ha, ha, haa!

Kisha akaiona ndoo ya bluu.

Akainyanyua. Akaimimina juu ya gunia. Gubu, gubu, gubu!

Sekela alikimbilia ndoo. Alichelewa.

Utingo akaweka kipande cha salfeti. Akashona kwa sindano ndefu. Chwi! Chwi! Chwi!

Gunia likavaa kofia.

“Hivyo ndivyo gunia linavyotakiwa,” alisema dalali. “Pakia!”

Utingo akashika huku. Baba akashika kule. Wakanyanyua. “Haya, twende!”

Ua wa Sekela una mteremko. Na kofia ilikuwa nzito.

Gunia likaenda kulia. Gunia likaenda kushoto. Gunia likainama kama linatoa shikamoo.

Puuu!

Likaanguka. Gunia halikuumia. Lakini kofia ilipasuka. Praaa!

Bingiri, bingiri, bingiri! Viazi vikateremka uani. Bingiri, bingiri! Vikapita chini ya ng’ombe. Bingiri! Kuku wakaruka juu ya banda. Ko-ko-ko-kooo!

Sekela akachukua ndoo yake.

Akaokota hapa. Akaokota pale. Akaokota chini ya ng’ombe. Ng’ombe akasogea.

Ndoo ikajaa. Ileile. Mpaka juu kabisa.

Kofia yote ilikuwa ndani ya ndoo.

Sekela alisimama mbele ya dalali. Alikumbatia ndoo.

“Mjomba. Gunia lako lile pale. Ndoo yangu hii hapa.”

“Mimina juu ya gunia, mwanangu.”

“Hapana, Mjomba. Gunia ni gunia. Ndoo ni ndoo. Kila kimoja na bei yake.”

Utingo alicheka. Dalali alimtazama, utingo akaacha.

“Mtoto wenu ana maneno,” alisema dalali. “Kofia hainunuliwi. Ni desturi!”

“Desturi ya nani?” aliuliza Mama. “Hiyo kapelo kichwani mwako, ulipewa bure dukani?”

Dalali alishika kapelo yake.

“Eh! Hii nimelipia.”

“Basi na sisi kofia yetu ilipiwe.”

Dalali alimgeukia Baba. “Mzee mwenzangu, sema wewe. Nani mkubwa hapa nyumbani?”

Hapo alikosea. Alikosea sana.

Baba alisogea mbele polepole. Alifuta mikono kwenye suruali. Aliinamia gunia, akaing’oa ile kofia iliyochanika. Akachukua sindano ndefu. Akalishona gunia mdomo, sawasawa, bila kiazi kimoja cha ziada.

Chwi. Chwi. Chwi.

Akakata kamba. Kachu!

“Hapa nyumbani tunalima wawili,” alisema Baba. “Na tunasema wawili. Gunia ni gunia. Ndoo ni ndoo. Kila kimoja na bei yake.”

Akaenda kusimama karibu na Mama. Mama alimpiga bega kidogo. Lilikuwa pigo la furaha.

Dalali Mtitu alikasirika. Masikio yake yalicheza.

“Haya! Kaeni na viazi vyenu! Nakwenda kwa majirani. Majirani wana adabu!”

Pa! Mlango wa lori ulifungwa. Ngruuu! Likaondoka.

Kuku wakashuka kutoka juu ya banda.

“Ameondoka,” alisema Baba.

“Ameondoka,” alisema Mama.

“Na visiponunuliwa?”

“Tutakula. Asubuhi viazi.”

“Na mchana?”

“Mchana viazi.”

“Na jioni?”

“Jioni tutabadilisha. Tutakula viazi.”

Walicheka. Walicheka kwa nguvu, kama watu wanaofukuza woga.

Sekela hakucheka. Aliangalia barabara.

Barabara ya lori inazunguka mlima. Inazunguka, inazunguka, kama nyoka anayetafuta mkia. Lakini njia ya miguu inakata katikati ya mashamba. Inakwenda moja kwa moja.

Sekela alikimbia.

Chapa, chapa, chapa! Miguu kwenye matope. Chapa, chapa, chapa!

Alifika kwa Mama Lusajo, jirani wa juu. Magunia ya Mama Lusajo yalikuwa yamepangwa kando ya njia. Yote yamevaa kofia. Kofia ndefu!

“Mama Lusajo! Usimpe kofia!”

“Kuna nini, wewe mtoto? Mbona unahema?”

“Gunia ni gunia! Ndoo ni ndoo! Kila kimoja na bei yake!”

“Nani kasema?”

“Mimi. Na Mama.”

“Mama yako namjua. Na Baba yako je?”

“Na Baba! Ameshona kwa mkono wake.”

Mama Lusajo alitazama kofia zake.

“Kila mavuno nasema nitakataa,” alisema. “Kila mavuno nangoja mtu aanze. Kumbe alikuwa anakua hapo chini!”

Alichukua kisu. Kachu! Kofia ya kwanza ikavuliwa.

Kachu! Kachu! Viazi vikarudi ndani ya ndoo zake, gubu, gubu.

Sekela hakukaa kutazama. Chapa, chapa, chapa!

Alifika kwa Mzee Mwaisaka. Mzee Mwaisaka ni mkali. Hata mbwa wake anamwamkia.

“Shikamoo, Babu! Gunia ni gunia! Ndoo ni…”

“Usinifundishe!” alifoka Mzee Mwaisaka. “Kofia hizi nimezichukia kabla mama yako hajazaliwa!”

“Sasa kwa nini unazishona, Babu?”

Mzee Mwaisaka aliyageukia magunia yake.

“Lete kisu,” alisema.

Kachu!

Ngruuu! Ngruuu! Lori lilifika kwa Mama Lusajo.

Dalali alishuka na tabasamu. Tabasamu likadondoka. Magunia yote yalikuwa vichwa wazi.

“Mama Lusajo! Kofia ziko wapi?”

“Gunia ni gunia,” alisema Mama Lusajo. “Ndoo ni ndoo. Kila kimoja na bei yake.”

Dalali alipanda lori. Ngruuu! Akafika kwa Mzee Mwaisaka.

Mzee Mwaisaka alikuwa amesimama mlangoni, kisu mkononi, mbwa miguuni.

“Gunia ni gunia!” alifoka kabla dalali hajashuka.

Dalali hakushuka.

Ukungu ulishuka badala yake. Kisha mvua. Ta. Ta. Ta, ta, ta, ta.

Dereva alitoa kichwa dirishani. “Bosi, barabara itateleza sasa hivi. Tunapakia, au tunarudi mjini na hewa?”

Dalali alitazama nyuma. Lori lilikuwa tupu. Tupu kabisa. Turubai lilikuwa linapigapiga, pa, pa, pa.

Mjini watu walikuwa wanasubiri viazi. Wapika chipsi walikuwa wanasubiri. Mama ntilie walikuwa wanasubiri. Kapelo mpya haikaangwi.

“Geuza,” alisema dalali.

Sekela alilisikia lori likigeuka. Alishuka mlima mbio. Chapa, chapa, chapa! Alifika kabla yake, ana matope mpaka kwenye pua.

“Anarudi!” alipiga kelele. “Mama! Baba! Anarudi!”

Lori lilisimama uani. Dalali alishuka. Hakucheka peke yake sasa.

“Elfu sitini,” alisema.

“Na nini?” aliuliza Mama.

“Na… na basi.”

“Sijasikia,” alisema Baba. Alikuwa amesikia vizuri sana.

“Elfu sitini kwa gunia! Bila kofia! Jamani, mvua inaninyeshea!”

“Aiii!” Mama alipiga vigelegele. Aiii-yi-yi-yiii!

Kutoka juu ya mlima, Mama Lusajo alijibu. Aiii-yi-yi-yiii!

Hata Mzee Mwaisaka alipiga kelele. Haikuwa vigelegele. Lakini ilikuwa ya furaha.

Magunia yakapakiwa. Baba akashika huku, utingo akashika kule. “Haya, twende!” Hakuna gunia lililoyumba. Gunia lililojaa sawasawa halina mambo mengi.

Dalali alimlipa Mama. Mama akampa Baba, Baba akarudia kuhesabu. Pesa ilikuwa kamili. Wakapeana mikono na dalali, kwa sababu biashara safi inaisha kwa mkono.

“Karibu tena,” alisema Mama. Na alimaanisha.

“Nitakuja,” alisema dalali. Na yeye alimaanisha. Viazi vilikuwa vizuri.

Kisha dalali akaona ndoo ya bluu, pale chini ya upenu wa paa. Viazi vyake vilikuwa vimeoshwa na mvua. Viling’aa kama mayai.

“Hivi nitampelekea mke wangu,” alisema.

Akamimina viazi vyote kwenye mfuko wake. Gubu, gubu, gubu. Akauweka mfuko mbele, chini ya kiti. Akapanda. Akafunga mlango. Pa!

Dereva alishika ufunguo.

Sekela alitazama ndoo yake. Haikuwa na kitu ndani.

Alimtazama Mama. Mama alikunja mikono.

Alimtazama Baba. Baba alitikisa kichwa kuelekea kwenye lori. Nenda.

Sekela alikwenda mpaka kwenye mlango wa lori.

Akagonga. Ko, ko, ko.

Dereva aliuachia ufunguo. Akaweka mikono mapajani, akangoja.

Dirisha likashuka. Dalali akatoa kichwa.

“Vipi tena, mtoto mzuri? Umesahau kitu?”

“Mimi sijasahau, Mjomba,” alisema Sekela.

Akanyoosha mkono. Kiganja juu.

“Lipa ndoo yangu.”